Raiti maka asiyejua kulia ni wapi

Mimi nina mashoto. Nianze hapo manake bila hivyo habari yote hii haileweki. Nimezaliwa Lamu, Langoni, kwenye nyumba ambayo mkono wa kushoto una kazi moja tu na kazi yenyewe ni ya chooni, kwa hivyo kila nikiupeleka kwenye sinia la wali bibi yangu alikuwa anaupiga mwiko, na mwiko ukishindwa anaufunga kwa leso kiunoni kama mbuzi wa akika. Nikajifunza kula na wa kulia, sawa, lakini kichwani kuna kitu kilipinda hapo na mpaka leo hakijanyooka. Ukiniambia geuka kulia lazima kwanza nijiulize hivi mi nakula na mkono gani, halafu nijiulize ni ule ninaokula nao au ule niliolazimishwa kula nao, na nikimaliza hesabu wewe ushafika Mkomani, mtaa wa upande wa pili wa mji.

Basi mtu kama huyu mwaka 1998 akajiunga na skauti.

Sikujiunga kwa uzalendo, nisidanganye mtu. Nilitaka bereti, na nilitaka Nyeri. Tuliambiwa kila mwaka tarehe 22 Februari maskauti wanakwenda Nyeri kwenye kaburi la Baden-Powell, yule jenerali Mwingereza aliyeanzisha mambo haya 1907 kwa kambi ya wavulana kama 20 kwenye kisiwa, halafu akaja kufia kwetu Kenya 1941. Mimi kwenye maneno yote hayo nilisikia Nyeri tu. Nilikuwa na miaka 14 na sijawahi kuvuka Malindi.

Aliyetufundisha alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu wa bara, mnene wa shingo, tukimwita Sajini na yeye akipenda. Kwake skauti na jeshi ni kitu kimoja ila sisi hatulipwi. Hadithi yake ya kila Ijumaa ilikuwa Mafeking, huko Afrika Kusini, vile mji aliokuwa akiulinda huyo Baden-Powell ulizingirwa siku 217 kuanzia 1899 na watoto wa kadeti, wengine wadogo kuliko sisi, wakawa wanapeleka barua huku risasi zinalia, "na nyinyi nawatuma chaki mnarudi na vumbi la ubao!" Anasema kwanza walikuwa wakipanda punda, halafu njaa ilipozidi punda wakaliwa, ikabidi wapande baiskeli. Hapo darasa zima lilinyamaza. Yaani uwaambie watoto wa Lamu, mji ambao gari hazipiti na punda ndo lori ndo teksi ndo kila kitu, ati kuna watu walikula punda. Mwenzangu mmoja akainua mkono akauliza, "Afande, walimchinja vipi?" Akafukuzwa nje.

Sasa gwaride. Kwa sababu nilikuwa mrefu kushinda wote Sajini akaniweka raiti maka, yule anayesimama mbele kabisa pembe ya kulia na wenzake wote wanajipanga kwa kumtazama yeye. Wallahi katika watoto 24 akamchagua yule mmoja asiyejua kulia ni wapi. Akisema "Raiti tani!" mi nageuka kushoto, nakutana uso kwa uso na wa pembeni, pua kwa pua, na wa nyuma wananifuata mimi badala ya amri manake ndivyo walivyofundishwa. Wiki ya tatu Sajini akachoka. Akang'oa majani mabichi pale ukutani akayachomeka kwenye soksi ya mguu wangu wa kulia, zile soksi ndefu za mpaka gotini, na wa kushoto akaufunga kitambaa. Akasema huko jeshini waliwafundisha hivyo makuruta wasiojua kulia na kushoto. Toka siku hiyo amri zangu zikawa za peke yangu: "Majani tani! Kitambaa tani!" Na nikaweza! Nikawa raiti maka safi kabisa, mradi niko na majani.

Nyeri hatukwenda. Mvua za El Niño zilikuwa zimeila barabara ya Garsen, na hata siku za kawaida njia ile ulikuwa unakwenda kwa msafara na askari wa bunduki, hakuna mzazi aliyetaka kusikia habari ya kaburi. Tukabaki na mafundo. Sajini alitufundisha kufunga kamba wiki mbili nzima, watoto ambao baba zao ni manahodha na mafundi wa majahazi, tukawa tunakosea makusudi ili asione haya.

Halafu ikawa siku alikuja nyumbani kuniombea ruhusa ya kambi kwa bibi. Bibi yangu Kiswahili chake ni Kiamu tu, njia kwake ni ndia, njaa ni ndaa. Alipomuona mgeni amesimama mlangoni jua limempiga akamwambia kwa upole, "Ndoo mwanangu, ndoo." Sajini akasema ndio mama, akatoka mbio. Tukamsubiri. Akarudi baadaye jasho linamtiririka amebeba ndoo mbili za plastiki mpya kutoka madukani, na maji ndani. Bibi akamtazama, akazitazama ndoo, akanitazama mimi. Akatoa ruhusa hapo hapo. Ndoo moja iko mpaka leo, inawekwa unga.

Kambi ilikuwa Agosti, ng'ambo ya pili kisiwa cha Manda, na hii lazima niieleze pole pole. Tulishuka mashuani magharibi inakaribia. Sajini akakagua ufuo mzima, akachagua pahali pazuri kweli, pa sawa kama meza, mchanga umeshikana, kigingi kikiingia hakitoki. Sisi tukatazamana. Mchanga ulikuwa umeshikana kwa sababu ulikuwa umetoka kwenye maji saa mbili zilizopita, mwani ulikuwa juu yetu, juu kabisa karibu na vichaka, bado unang'aa. Na mwezi ulikuwa unatoka mzima, mviringo kama sinia. Mtoto wa miaka mitano wa Lamu anajua mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa mpaka juu kabisa. Lakini nani atamwambia? Mwenzetu aliyeuliza habari ya kuchinja punda alishafukuzwa mara moja, akasema yeye hafungui mdomo tena. Amri ni amri. Tukasimika mahema matatu na la Sajini la nne, la mbele kabisa, "ili niwalinde."

Usiku sisi hatukulala. Tulipanda na mablanketi yetu mmoja mmoja mpaka kwenye vichaka tukakaa kama kunguru tunangoja. Saa kumi alfajiri maji yakaja, polepole, hayana haraka. Yakaingia hema la kwanza, la pili. La Sajini likaanza kupumua. Halafu tukasikia sauti kutoka ndani, sauti ya mtu mzima aliyefika vita lakini hajawahi kufika bahari: "Nani amemwaga maji?"

Buti moja hatukuliona tena.

Sasa tukafika tarehe 20 Oktoba. Siku hizo ilikuwa ikiitwa Kenyatta Day, hii Mashujaa imekuja na katiba ya 2010. Gwaride letu lilikuwa Mkunguni, ule uwanja mbele ya Ngome, watu wamejaa barazani na chini ya mkungu, na mgeni rasmi bwana mkubwa wa serikali amekaa kivulini ukutani mwa Ngome. Mi ile Ngome yenyewe inanitisha, ilikuwa jela mpaka 1984 na bibi alikuwa akinitisha nayo ingawa jela yenyewe ilishafungwa. Na bibi mwenyewe yuko, kwenye kundi la kina mama, buibui limepigwa pasi.

Sajini alikataa kitambaa, alisema kitaonekana kama kidonda. Majani peke yake, kwenye soksi ya kulia, ncha kidogo tu inachungulia. Tukaingia vizuri, vishindo kama mvua, tukasimama tukitazama Ngome. "Skwodi, shan!" Mi kule pembeni kulia kabisa, mbavuni kwangu hakuna mtu.

Hakuna mtu, lakini punda yuko.

Nilimsikia kabla sijamuona. Pumzi ya moto nyuma ya goti. Halafu midomo, ile midomo laini yenye nywele, ikaanza kutafuta kwenye soksi taratibu kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni. Mtu aliye atenshani hatikisiki hata akiliwa, hilo Sajini alilirudia mwaka mzima. Nikawa nimekodoa macho mbele, mgeni rasmi anahutubia kuhusu vijana na nidhamu, na punda anakula kulia kwangu, kru, kru, kru. Alipomaliza majani akashika soksi. Akaivuta mpaka kwenye kifundo. Kwenye baraza mtu akaanza kukohoa kicheko.

Na ndo hapo hapo Sajini akapiga ukelele, "Lefti tani! Kwiki machi!"

Najua mtaniambia mguu uliolowa mate ndo wa kulia. Ni kweli. Na nyumbani Langoni ilikuwa upande ule ule wa kushoto, ningekumbuka hata hivyo tu. Lakini punda amekushika soksi mbele ya serikali, wewe utafikiria ramani? Nikageuka upande uliokuwa na nafasi. Wenzangu 23, ambao safari hii kwa mara ya kwanza mwaka mzima walisikiliza amri badala ya kunitazama, wakaenda zao Langoni. Mi nikaenda Mkomani.

Punda naye alipoona namjia kwa kishindo akageuka akatangulia. Tukaingia Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, punda mbele mi nyuma, mikono inapanda mpaka begani, soksi moja juu moja chini. Nilijua nimekosea baada ya hatua kumi, nisiseme uongo, lakini kusimama bila amri ni kosa lingine na mi nilishakuwa na moja. Mwenye mkokoteni akapiga kelele "Simile! Simile punda na askari!" watu wakajibanza kutani. Mzee mmoja kwenye duka la nguo akasimama akanipigia saluti, nadhani alifikiri ndo ratiba. Nikapita misikiti, nikapita mafundi wa milango, hata sijui ningefika wapi, pengine Shela kwa njia ya mbali, mpaka katoto kamoja kamekaa kizingitini kanakula mahamri, moja ya wale waliokuwa wakija kututazama tukifanya mazoezi, kakasema kwa sauti ya Sajini kabisa, "Skwodiii, haaalti!"

Nikasimama. Punda naye akasimama.

Niliporudi Mkunguni wenzangu walishapangwa tena na mgeni rasmi anapita anasalimia. Sasa skauti tunasalimiana kwa mkono wa kushoto, duniani kote, ile habari kwamba mkono wa kushoto ndo wa kushikia ngao kwa hivyo ukiutoa umemuamini mwenzako. Sisi tulikuwa tukifanyia shuleni tu, nyumbani hakuna aliyethubutu. Na yule bwana kumbe alikuwa skauti zamani. Akafika kwangu, akanyoosha wa kushoto, mkono wangu mwenyewe, ule wa kuzaliwa nao, ukaruka kwa furaha. Halafu nikamuona bibi chini ya mkungu. Nikaurudisha nikatoa wa kulia. Bwana mkubwa kwa ustaarabu akabadili akatoa wa kulia, mi nikakumbuka sheria nikatoa wa kushoto. Tukaenda hivyo mara tatu, kama watu wanaopeana njia kwenye kichochoro.

Bibi akashindwa kuvumilia. "Mbona ampa mwana wa watu mkono wa choo? Kwao hakufundwa yule?"

Uwanja mzima ulisikia. Mgeni rasmi akaacha kutabasamu, akaniuliza pole pole, "Yule mama unamjua?"

Nikasema, "Simjui, afande."

Sajini nyuma yake akawa anamtazama punda, aliyenifuata mpaka uwanjani na sasa anakagua soksi za mstari wa pili. Akanong'ona, "Mafeking walijua la kufanya na huyu."

Usiku nikafika nyumbani nimechoka, nikanawa, nikakaa kwenye sinia na ndugu zangu. Wali wa nazi na samaki wa kupaka. Bibi akagawa vipande vya samaki, mmoja mmoja, alipofika kwangu akasimamisha mwiko hewani.

"Na huyu mgeni," akawauliza wenzangu, "ni nani? Mi simjui."