Miti na baridi yabisi: ute wa yai hautoshi

Mama mbangua korosho wa Newala anayeamka vidole vimekakamaa, saa nzima ikapita hajaweza kukunja ngumi, pengine ataanza na mizizi ya kuchemsha. Simlaumu. Baridi yabisi hii, ambayo kinga ya mwili hushambulia utando wa maungio, dawa yake ya hospitali inataka subira. Methotreksati hunywewa mara moja kwa wiki, huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na mgonjwa sharti apimwe damu na ini kila mara. Nauli peke yake ni mtihani.

Kwa hiyo wanaotaka miti yetu ipimwe kama tiba ya ugonjwa huu wana hoja. Artemisinini, dawa ya malaria iliyompatia mwanasayansi wa China, Tu Youyou, Tuzo ya Nobel mwaka 2015, ilitoka kwenye mmea. Hata kwa baridi yabisi, mmea wa Kichina Tripterygium wilfordii umejaribiwa kwa wagonjwa na wengine wakapata nafuu. Ila huohuo huweza kupunguza mbegu za kiume na kuvuruga hedhi.

Wasiwasi wangu uko kwenye vipimo. Mara nyingi mti husifiwa baada ya jaribio jepesi: ute wa yai unachanganywa na maji ya gome, unapashwa moto, kisha unaangaliwa umechafuka kiasi gani. Usipoganda sana, mti umeshaitwa dawa ya uvimbe! Jaribio hilo ni rahisi na linafaa kwa mchujo wa kwanza, lakini ute wa yai hauna kinga ya kuasi. Jaribio la panya aliyevimbishwa unyayo kisha akapewa dawa hiyo linatusogeza mbele kidogo tu.

Waganga watasema wametibu watu wakapona. Naamini wanachokiona. Tatizo ni kwamba ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe. Mtu hutafuta dawa maumivu yakiwa kileleni, na yakishuka, sifa inakwenda kwenye chupa aliyoishika. (Chupa nyingine, kama ilivyobainika katika nchi mbalimbali, huwa zimetiwa kimyakimya steroidi, dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe.)

Mimi ningekubali jaribio la namna moja: wagonjwa wote waendelee na methotreksati, nusu waongezewe dawa ya mti, nusu wapewe kidonge kisicho na kitu. Kumwachisha mtu tiba ili mti upimwe si haki, maana mfupa ulioliwa na ugonjwa huu haurudi. Ini nalo lichunguzwe, kwani methotreksati na baadhi ya miti vyote vinaweza kuliumiza. Na gome lipimwe nguvu kabla ya kugawiwa. La masika na la kiangazi huenda yasilingane hata yakitoka mti mmoja.