Nani Alikuwa Akihesabu Vidonge vya Derek Boogaard?

Juzi, tulipokuwa tukipokezana zamu saa tano usiku, mwenzangu alisoma kwenye simu yake tangazo la klabu moja ya hoki ya barafuni kwamba mchezaji wake amejiunga na mpango wa ligi wa kuwasaidia wachezaji, na kwamba hatacheza hadi itakapotangazwa tena. Alitikisa kichwa, akasema, "Dada, mtu analipwa mamilioni ya dola na bado anashindwa kujizuia?" Sikumjibu, kwa sababu tulikuwa na kazi ya kuhesabu. Mimi ni muuguzi katika makao ya wazee hapa Minnesota, Marekani, na hakuna anayekwenda nyumbani kabla ya wauguzi wawili, anayetoka na anayeingia, kufungua droo yenye kufuli mbili, kuhesabu vidonge vya oxycodone, dawa kali ya maumivu inayoweza kuleta uraibu, kimoja kimoja kwenye kadi zake, kisha kutia sahihi daftarini. Bibi wa miaka 91 aliyevunjika nyonga hapewi hata nusu kidonge bila kuandikwa saa, sababu, na jina la aliyempa. Kikikosekana kimoja, tunabaki hapo hapo hadi kijulikane kilikokwenda.

Nilipofika nyumbani usingizi haukuja, kwa maana swali lile lilinirudisha kwa Derek Boogaard, mchezaji wa hoki aliyechezea klabu ya Minnesota Wild kuanzia 2005 hadi 2010, katika jiji lile lile ninalopitia kila siku nikienda kazini. Boogaard hakuajiriwa kufunga magoli, kwani katika michezo 277 ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni huku Amerika Kaskazini, alifunga 3 tu. Jitu lile la takriban mita mbili liliajiriwa kupigana ngumi, ili wapinzani waogope kuwagusa nyota wa timu, na mashabiki walinunua fulana zenye jina lake kwa sababu hiyo hiyo. Kazi ya namna hiyo inaacha vidole vilivyovunjika, mgongo usionyooka, na kichwa kilichotikiswa mara nyingi mno, na dawa ya kumrudisha mtu barafuni kesho yake ilikuwa ni kidonge.

Gazeti la New York Times lilieleza mwaka 2012, kwa kutumia kumbukumbu ambazo baba yake alizikusanya kwa uvumilivu wa mzazi aliyefiwa, kwamba kati ya Oktoba 2008 na Aprili 2009 Boogaard aliandikiwa dawa kali za kutuliza maumivu angalau mara 25, jumla ya vidonge 622, na madaktari 10. Wanane kati yao walikuwa madaktari wa timu yake mwenyewe. Naomba msomaji anayefanya kazi ya uuguzi, na najua tuko wengi, asimame hapo kidogo. Madaktari wanane wa klabu moja walimwandikia mgonjwa mmoja dawa ya jamii moja katika miezi saba. Mahali ninapofanya kazi, mfamasia angepiga simu kabla ya karatasi ya tatu. Huyu hakuwa kijana aliyejipenyeza uchochoroni kumtafuta muuzaji. Huko alifika baadaye, uraibu ulipokwisha kukomaa, ilhali mbegu ilipandwa katika chumba cha matibabu cha klabu, na watu waliovaa makoti meupe na kulipwa ili yeye aweze kucheza.

Mwezi Septemba 2009 alipelekwa katika kituo cha tiba ya uraibu huko California, na umma ukaambiwa kwamba anauguza mtikisiko wa ubongo. Uongo huo unaniumiza kuliko mengine yote. Naelewa kwamba siri ya mgonjwa ni siri, nami nimeapa kuilinda, lakini ipo tofauti kubwa kati ya kunyamaza na kubuni jeraha jingine. Anayebuniwa jeraha anafundishwa kwamba ugonjwa wake halisi ni aibu isiyotamkika, na anayerudi kutoka tiba akiwa amefundishwa hivyo hatainua mkono kuomba msaada mara ya pili. Mwaka uliofuata klabu ya New York Rangers ilimpa mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 6.5, kwa kazi ile ile ya ngumi. Desemba 2010 alipigwa kichwani katika pambano lililokuwa la mwisho kwake. Mnamo tarehe 13 Mei 2011, akiwa ameruhusiwa kutoka kidogo katika kituo cha tiba alikokuwa amepelekwa tena, ndugu zake walimkuta amefariki katika nyumba yake mjini Minneapolis, baada ya pombe na oxycodone kukutana mwilini. Alikuwa na umri wa miaka 28. Familia iliishtaki ligi, na mwaka 2017 kesi ikatupiliwa mbali.

Klabu ya Los Angeles Kings, kwa upande wake, ilivunja mkataba wa mchezaji wake Mike Richards mwezi Juni 2015, siku chache baada ya kusimamishwa na vidonge kwenye mpaka wa Kanada, na kabla hata hajafunguliwa mashtaka, ingawa aliisaidia kutwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL, mwaka 2012 na 2014.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mpango wa ligi wa kuwasaidia wachezaji, ulioanzishwa mwaka 1996, si bure, kwa kuwa mchezaji anayejitokeza mara ya kwanza huendelea kupata mshahara wake wote. Mchezaji Bobby Ryan wa klabu ya Ottawa aliomba msaada wa kuacha pombe mwezi Novemba 2019, na tarehe 27 Februari 2020, katika mchezo wake wa kwanza nyumbani baada ya kurejea, alifunga magoli matatu huku machozi yakimtoka kwenye benchi. Hata mimi nililia. Hata hivyo, mpango huo huo humkatia mshahara anayeteleza tena na kuhitaji tiba mara ya pili, ilhali kila aliyewahi kumhudumia mraibu anajua kwamba kuteleza ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Kwetu Mombasa tunamwita mtu huyo teja na kumfungia mlango. Klabu humfungia malipo, na wote wawili hubaki nje.

Mwenzangu nilimjibu zamu iliyofuata, droo ikiwa wazi mbele yetu. Nilimsimulia habari za Boogaard na madaktari wake, kisha nikamwambia kwamba ninachotaka ni kitu kidogo: daktari anayewaandikia wachezaji dawa hizi asiajiriwe na meneja anayemtaka mchezaji uwanjani Jumamosi, karatasi zote za dawa zipitie mkononi mwa mfamasia mmoja, na kila kidonge kiwe na sahihi mbili. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni madaktari wangapi niliosema. Nikamwambia kumi. Akachukua kadi ya kwanza, akaanza kuhesabu kwa sauti.