Kodi ya Taya

Jamani, kama una ndugu anayesoma Seoul, mhurumie. Watu wa nyumbani hawaniulizi kama nimelala wala kama nimekula. Wananiuliza ngozi. "Hivi wale wenzetu wanapaka nini?" Mimi nasomea majitaka, shahada ya pili, jioni naosha vyombo kwenye mgahawa, halafu shangazi ananitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita akitaka nimweleze kwa nini waigizaji wa tamthilia za Kikorea wanang'aa usoni hata wakiwa wanalia. Sijui, shangazi. Huenda ni taa.

Nilikuwa nakwepa hivyo hivyo mpaka shemeji yangu akatua Incheon.

Shemeji ni dada mkubwa wa mke wangu. Ana duka la nguo Kariakoo, na aliaga nyumbani kwamba anakuja kuangalia mzigo Dongdaemun, kwenye yale masoko ya jumla yanayofanya biashara usiku kucha. Mzigo aliuangalia usiku ule ule aliofika, akamaliza. Safari iliyobaki yote ilikuwa ya uso.

Kabla sijaendelea niwape kipimo changu. Mshahara wa chini Korea mwaka 2025 ulikuwa won 10,030 kwa saa, mara ya kwanza kuvuka elfu kumi, na tajiri yangu anaiheshimu sana sheria hiyo, haongezi hata won moja juu yake. Won moja inakaribia shilingi mbili za kwetu. Ila mimi kwa shilingi nimeacha kuhesabu, napata presha. Nahesabu kwa saa za sinki. Nikiona kitu cha won elfu kumi najiona nimesimama saa nzima na aproni ya mpira, mbele yangu vibakuli. Wakorea wana vibakuli! Mtu mmoja anakula wali, na mezani kwake natoa vibakuli tisa.

Basi tukapanda treni hadi Gangnam, mtaa wa Seoul uliojaa kliniki za urembo. Nauli yenyewe mwaka huo huo ilipanda kutoka won 1,400 hadi 1,550, na watu walinung'unika kwa sababu ya hizo 150. Wanashuka kituoni bado wananung'unika, wanaingia kwenye lifti kwenda kulipa laki tatu wachomwe sindano za mashavu.

Pale karibu na kituo kuna majengo ambayo ukisoma mabango yake kutoka chini kwenda juu unakuta ghorofa ya tatu ngozi, ya nne ngozi, ya tano pua na kope, ya sita ngozi tena. Chini kabisa duka la dawa, linauza za kutuliza yaliyofanyika juu. Mwaka 2024 wageni waliotibiwa Korea walipita milioni moja na laki moja, na zaidi ya nusu yao walifuata ngozi. Nilidhani hesabu hiyo imetiwa chumvi mpaka nilipoingia kwenye lifti. Wasichana wa Kijapani, mama wa Kichina na bintiye, Wamarekani wawili wenye kofia, na mimi nimebeba mkoba wa shemeji.

Mlangoni niliweka sharti. Korea daktari yeyote mwenye leseni anaruhusiwa kufungua kliniki ya kurembesha ngozi, hata kama ubingwa wake si wa ngozi. Tofauti imeandikwa kwenye bango, ila uwe na macho. Bingwa wa ngozi anaruhusiwa kuliweka neno hilo ndani ya jina la kliniki yake. Asiye bingwa anaandika jina kwa herufi kubwa, halafu pembeni, kwa herufi ndogo, anataja kwamba miongoni mwa anayotibu ni ngozi. Nikamwambia shemeji, hii ya ghorofa ya nne herufi zake ndogo, twende ya sita. Akanijibu, "Ya nne ina ofa." Bahati yangu na ya sita ilikuwa na ofa, bango kubwa: sindano ya taya, won 39,000. Isingekuwa hilo mpaka leo tungekuwa kwenye ngazi tunabishana.

Huko juu ukaguzi ulianza na mashine. Unaweka kidevu kwenye kishikio, taa inawaka, picha inapigwa, inakuja kwenye skrini ukutani. Sijawahi kuuona uso wa shemeji kwa ukubwa ule, na sikuomba kuuona. Kila kinyweleo kilikuwa na kivuli chake. Halafu ikaja picha nyingine ya mwanga wa zambarau, inayoonyesha hata madoa ambayo bado hayajatokea juu ya ngozi. Mtu ameingia na chunusi moja kidevuni, anatoka na madoa ya mwaka kesho kutwa.

Aliyekaa nasi kutazama hizo picha si daktari. Wanamwita siljang, mama wa suti nyeupe mwenye uso usiosema ana miaka mingapi. Kazi yake ni kukutangulia kabla ya daktari, kuitazama picha yako, kuvuta pumzi kwa huruma, na kufungua kitabu cha bei. Mtu wa Dar atamtambua mara moja. Ni dalali. Nyumba zote anazijua, hana hata moja, na ile uliyoifuata imekwisha ila kuna nyingine nzuri zaidi, bei imezidi kidogo tu.

Mkalimani ni mimi, ambaye Kikorea changu ni cha majitaka na cha vibakuli.

Sindano ya taya ni botoksi. Inalegeza msuli wa kutafunia, ukinywea uso unaonekana mwembamba. Kwenye kitabu, taya moja lilikuwa na bei tatu. Dawa ya Korea 39,000, ya Ujerumani 110,000, ya Marekani 160,000. Zote ni sumu ya bakteria yule yule tunayemwogopa kwenye makopo ya chakula. Nyumbani kopo likivimba tunalitupa mbali na kuku wasilifikie. Shemeji hakujali sumu. Miaka yote ile ya Kariakoo ikamwinua kwenye kiti. "Muulize, orijino ni ipi?"

Nikauliza. Siljang akasema zote ni orijino.

Shemeji akamtazama kwa jicho la mtu ambaye ameshawaambia wateja maneno hayo hayo mara nyingi sana. Akachukua ya Ujerumani. Hoja yake: ya chini imewekwa kuvutia mteja, ya juu imewekwa kwa ajili ya mjinga.

Halafu akataka leza ya kung'arisha, na hapo ndipo daktari alipoingia, mwanamke mwenye miwani, dakika zake chache kweli kweli. Akaugeuza mkono wa shemeji, akatazama ngozi ya ndani na ya nje, akasema hapana. Leza za namna ile zinafuata rangi. Zinautafuta weusi uliomo ndani ya ngozi na kuuchoma. Kwa Mkorea mwenye doa kwenye shavu jeupe, leza inajua pa kwenda. Kwa shemeji yangu wa Tanga, kila mahali ni pa kwenda. Inaweza kumwachia vidonda, au madoa meusi kuliko aliyokuja nayo. Akataja kipimo cha Fitzpatrick, daktari wa Marekani aliyeanza mwaka 1975 kupanga ngozi za watu kwa jinsi zinavyolipokea jua. Leo kipimo hicho kina aina sita, na sisi tuko kule mwisho. Kuna leza za mawimbi marefu, za nanomita 1064, zinazopita chini zaidi bila kugombana sana na rangi, lakini hata hizo zinataka mkono uliozoea ngozi kama yetu, nguvu ndogo, na muda, na mgeni mwenye tiketi ya kuondoka juma lile asizianze. Apake mafuta ya kuzuia jua. Basi.

Nilitafsiri kwa furaha ambayo sikuificha vizuri. Mimi naona katika yote yaliyofanyika jengo lile, hilo "hapana" ndilo lililokuwa na thamani kuliko vyote, na kwenye kitabu cha bei halimo. Shemeji alinuna, akasema anabaguliwa. Wakati mtaani kwao kuna dada aliyepaka mkorogo mpaka mashavu yakageuka rangi ya tatu, vifundo vya vidole vikagoma, vikabaki na rangi vilivyozaliwa nayo. Yule hakupata wa kumwambia hapana.

Siljang naye hakukubali turudi mikono mitupu. Akaleta samaki.

Inaitwa Rejuran. Wanachukua vinasaba vya samaki aina ya samoni, tena kutoka kwenye mbegu zake za kiume, wanavisafisha, wanakuchoma navyo usoni tone kwa tone ili ngozi ijijenge upya. Sentensi hiyo nilimwomba siljang airudie, nisije nikawapelekea watu wa Tanga habari isiyo sahihi. Akairudia vile vile. Nilipogeuka nimwambie shemeji, alikuwa ameshavua hereni. Won 250,000.

Wakampaka krimu ya ganzi, wakamfunika uso kwa nailoni nyembamba ile ya kufunikia chakula, wakampa mdoli wa sungura. Nikamuuliza muuguzi sungura ni wa nini. Wa kukumbatia, akasema. Sikumwelewa mpaka nilipoanza kusikia sauti kutoka ndani. Shemeji amezaa watoto wanne na hospitali nzima haikujua, lakini siku hiyo alimwita Mungu, akamwita mama yake, akaniita na mimi pamoja na ukoo wangu. Alipotoka alikuwa na vinundu vidogo vilivyojipanga mistari kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Wanasema vinapotea baada ya siku moja mbili. Sungura sikio moja lilikuwa limepinda, sidhani kama litapona.

Twende kwenye risiti. Samaki 250,000. Taya 110,000. Krimu ya ganzi 20,000, maana ganzi inauzwa peke yake, ukitaka unaacha. Barakoa ya kutuliza ngozi 30,000. Jumla 410,000. Halafu VAT, asilimia 10, ambayo kwenye kitabu iliandikwa kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Jumla kuu 451,000. Hizo ni saa 45 za sinki, au shilingi laki nane na ushee. Na bango kule nje bado linawaka: 39,000.

Bei yenyewe siilaumu sana. Ukiuliza Ulaya au Marekani unaweza kulia bila kuchomwa. Korea ni nafuu kwa sababu kliniki zimebanana, na madaktari vijana wanakimbilia huko, na sababu yao naijua. Mimi nakatwa bima ya afya ya taifa kila mwezi, wanafunzi wa kigeni tumelazimishwa tangu 2021. Nikipata mafua nalipa pesa ya chakula cha mchana, natibiwa. Kwenye mafua serikali ndiyo inayopanga bei. Kwenye taya anapanga mwenye kliniki. Wewe ungekuwa daktari kijana mwenye mkopo ungetibu nini?

Ninachogombana nacho ni kwamba hukununua kitu. Umepanga. Botoksi ina miezi mitatu, minne, ikizidi sana sita, halafu msuli unarudi nyumbani kwake na taya lako linakuwa lile lile la ukoo. Samaki naye hamalizi kazi mara moja, anataka mara tatu au nne, kila baada ya wiki kadhaa, halafu baadaye tena. Na kama baba mwenye nyumba wa Sinza anavyotaka kodi ya miezi sita mbele, siljang alitaka kifurushi kilipwe leo leo: samaki mara tatu kwa 600,000. Unaokoa 150,000! Mradi urudi. Tiketi ya Dar hadi Incheon kupitia Addis Ababa haimo kwenye kifurushi. Kadi ilikuwa imeshatoka kwenye pochi, ikabidi nimuulize shemeji kwa sauti ya upole nauli ya kumrudia samaki atailipa nani. Akairudisha kadi, akaninunia mpaka kituoni.

Mafuta ya kuzuia jua tuliyanunua Daiso, duka ambalo hakuna kinachozidi won 5,000. Nusu saa ya sinki. Nilimchagulia yasiyoacha weupe, maana yapo mengine yanakuacha na uso wa majivu.

Sasa botoksi ya taya haionekani siku ile. Msuli unapungua taratibu, wiki ya nne, ya sita, ndipo uso unachongoka. Wa shemeji ulichongoka akiwa Tanga kwa mama yake.

Simu ikaja usiku kwetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Wazima huko?"

"Wazima, mama."

"Chakula kipo?"

Nikasema kipo. Kimya kidogo. "Nauliza tu, baba, maana mwanangu aliondoka hapa na mashavu yake. Sasa yameingia ndani. Majirani wananiuliza aliugua nini. Mimi sisemi kitu, wewe ni mkwe wangu na nakuheshimu. Lakini kama mambo ni magumu huko ungesema, tungemfungashia hata dagaa."

Nyuma yake nikamsikia shemeji akikohoa, kile kikohozi cha kunikataza. Kumbe hajasema. Nami ndiyo nianze kumweleza mama mkwe kwamba binti yake ametoa shilingi laki mbili na ushee, VAT ndani, ili ayapunguze mashavu aliyompa yeye?

"Alikula, mama," nikasema. "Hata samaki alipata, tena wa bei, uso mzima."

"Samaki gani huyo, baba, wa kukondesha?"