Mpe Kalamu Kwanza, Maswali Baadaye

Mwanafunzi asiye na kalamu akitolewa nje, tatizo la nusu dakika limegeuzwa kuwa la kipindi kizima. Kesho atarudi hajui somo limefika wapi, na huenda bado hana kalamu. Mimi ni mwalimu, naujua uchovu wa kusikia "Mwalimu, nimesahau" siku nzima. Lakini adhabu hii siikubali: vifaa tunavidai ili mtoto ajifunze, kisha tunamnyima kujifunza kwa sababu ya vifaa.

Tena wote hawakusahau. Yupo asiye na cha kusahau, kwa kuwa nyumbani hakuna. Yupo anayelala wiki hii kwa mama na wiki ijayo kwa baba, daftari la jiografia likabaki upande wa pili. Na yupo ambaye vitu anavyo, ila asubuhi alibeba begi lilivyokuwa jana.

Huyu wa mwisho tunamdai kazi ngumu kuliko tunavyodhani. Kukumbuka jambo la kufanya baadaye si sawa na kukumbuka tarehe za historia. Hakuna anayekuja kumuuliza swali, inabidi ajikumbushe mwenyewe, tena kwa wakati wake. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi hiyo ya kupanga huitegemea sana, huendelea kukomaa hata baada ya mtu kuvuka miaka 20. Sisi tunaidai kamili kwa mtoto wa miaka 12 au 13, umri ambao mara nyingi ndio kwanza anamwacha mwalimu mmoja wa darasa na kukutana na walimu wengi, kila mmoja na masharti yake.

Kumwambia "jitahidi kukumbuka" hakumsaidii. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba nia iliyofungwa kwenye wakati na mahali maalumu hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla. Basi mtoto aseme: nikimaliza kazi ya nyumbani, nafungua ratiba na kupanga begi hapohapo mezani. Iwe jioni. Asubuhi kila mtu ana haraka, na kikokotoo kilichopotea hakipatikani kwa dakika mbili. Mzazi naye asimpangie. Amuulize tu, "Kesho una vipindi gani?" kisha amwache avitafute mwenyewe, hata akichelewa kulala kidogo.

Darasani, ninachokiamini ni kopo la kalamu na penseli karibu na mlango, na daftari dogo la kuandikia jina la aliyeazima. Kengele ikilia, kitu kinarudi. Wapo walimu wanaoshika kiatu cha mwanafunzi kama dhamana. Hilo naliona ni kumdhalilisha mtoto, na asiye na kalamu kwa sababu ya umaskini ndiye anayeumia zaidi. Daftari linatosha, na lina faida nyingine: jina likijitokeza kila wiki, unajua hapa si kusahau tena. Hapo ndipo pa kumwita pembeni na kuuliza kwa upole. Ukigundua hana, mpe kiwe chake, bila tangazo.

Mwalimu mwenzangu ataniambia, "Ukiwapa kila siku watazoea." Wapo watakaozoea, kweli. Hao wanashughulikiwa baada ya kipindi, kwa ushahidi wa daftari lile lile, na wazazi wao wakijua. Siwezi kuwakosesha somo wengine wote kwa ajili yao.

Shule nayo ibebe sehemu yake. Bikari na kipimapembe hutumika majuma machache ya jiometria, kisha hukaa bure hadi vipotee. Sioni kwa nini kila familia ilazimike kuvinunua. Fedha za vifaa zikiwa kidogo, ningeanza na seti moja ya darasa zima, iliyohesabiwa na kufungiwa kabatini, halafu kalamu na penseli za kopo zifuate.