Kuruka masafa kwa paraglaidi: kingo za Kerio au tambarare ya Usukuma?

Mtu wa Mwanza akisema anataka kuruka masafa kwa paraglaidi, yaani kuondoka mahali pamoja chini ya bawa la kitambaa na kutua makumi ya kilomita mbele bila injini, jibu analopewa huwa fupi: nenda Iten. Jibu hilo lina mashiko. Iten iko Kenya, juu ya kingo za Elgeyo, kimo cha mita 2,400 hivi, na Bonde la Kerio liko zaidi ya kilomita moja chini yake. Kwa barabara, kupitia Sirari na Kisumu, ni zaidi ya kilomita 500. Upande wa pili unauliza: safari yote hiyo ya nini, wakati nyuma ya mji, kuanzia Misungwi hadi Shinyanga, kuna tambarare kavu yenye jua kali na mahali pa kutua kila upande? Pande zote mbili zina hoja, ila wanaobishana hulipa ziwa nafasi ndogo mno kwenye hesabu zao.

Mlima hukupa mambo mawili bila kukutoza. La kwanza ni kimo. Unakimbia hatua chache, bawa linakubeba, na tayari una mita 1,000 za kutafutia hewa inayopanda. Bawa la daraja la EN B, daraja la usalama la marubani wa kawaida, husonga mbele kama mita 9 kwa kila mita 1 linaloshuka, kwa hiyo kimo hicho ni kilomita 9 katika hewa tulivu, na pengine 6 au 7 tu ukipita kwenye hewa inayozama. La pili ni kwamba mlima unakuonyesha mkondo, yaani hewa ya joto inayopanda, ulipo. Mteremko unaotazama mashariki hupigwa na jua la asubuhi karibu wima, hewa yake hupata joto mapema kuliko ya bondeni, hupanda ikiambaa mwamba, kisha huachana nao kwenye ukingo au kwenye pua ya mlima. Kingo za Elgeyo zinatazama mashariki, na katika kiangazi cha Desemba hadi Machi upepo mkuu hutoka huko huko. Jua na upepo vinasukuma upande mmoja. Ndiyo maana wageni kutoka Ulaya hufunga safari kwenda kuruka pale kila mwaka.

Gharama yake ni kwamba anayefuata mteremko anaruka karibu na ardhi muda wote, hata kifaa chake kikisema yuko mita 2,300. Bawa likijikunja nusu, hugeuka upande uliokunjika na kumeza mita 30 hadi 50 kabla halijanyooka, na hiyo ni kwa rubani anayejua kuegemea upande ulio wazi na kugusa breki kwa kiasi. Ukiwa mita 800 juu ya shamba, hilo ni tukio la kuandika kwenye daftari. Ukiwa mita 40 kutoka mwambani, huna pa kugeukia. Mwavuli wa akiba nao huhitaji nafasi ya kufunguka, na marubani wengi hujipa mita 100 kama kiwango cha chini cha kuutegemea. Ukishafunguka, kiwango cha Ulaya cha miavuli hiyo, EN 12491, kinautaka usishuke zaidi ya mita 5.5 kwa sekunde, sawa na kuruka kutoka ukuta wa mita moja na nusu. Kwenye shamba la mtama unaweza kuinuka ukatembea. Kwenye mteremko wa mawe, hesabu hiyo haisemi utaviringika mpaka wapi.

Kuna pia upepo wa bondeni. Mchana unapokomaa bonde huvuta hewa, na kasi ya kilomita 30 kwa saa si ajabu. Bawa linaloruka kilomita 38 kwa saa likielekea upepo huo husogea kilomita 8 tu kwa saa. Kibaya zaidi ni upande wa kisogo wa mlima. Upepo ukivuka kilele hudondoka nyuma yake na kujiviringisha, na hakuna daraja la bawa linalohimili hewa ya namna hiyo. Kule Kerio, siku ambayo upepo wa mashariki una nguvu kupita kiasi, milima ya Tugen iliyo ng'ambo ya bonde huligeuza bonde lenyewe kuwa kisogo chake. Anayetazama mteremko wake tu hatalijua hilo mpaka limpate.

Halafu kuna wembamba wa hewa, jambo ambalo wanaoanza hulipuuza. Kimo cha Iten, kwenye nyuzi 20 za joto, kasi halisi ya bawa huzidi ile ya usawa wa bahari kwa asilimia 16 hivi: kilomita 38 zinakuwa 44. Siku isiyo na upepo, maana yake ni kukimbia kwa kasi zaidi unapoondoka. Mwanza nayo haijanusurika kabisa, kwa sababu ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari; mchana wa nyuzi 30, ongezeko ni kama asilimia 10.

Sasa tambarare. Wanaoidharau wakumbushwe kwamba safari ndefu kabisa za paraglaidi duniani hazikufanyika milimani. Nevil Hulett alivuka kilomita 500 mwaka 2008 akitokea Copperton, eneo kame na bapa la Afrika Kusini. Mwaka 2021 Sebastien Kayrouz alifika kama kilomita 613 juu ya Texas. Sababu yake si siri. Kwenye tambarare rubani anaambatana na upepo, hana kingo ya kurudia wala bonde la kuvuka, na akikosa mkondo anatua mahali alipo.

Usukuma una sehemu ya sifa hizo. Baada ya mavuno ya pamba, mabua yakishang'olewa na kuchomwa, mashamba hubaki meusi na makavu, nayo hupata joto haraka. Jaruba lililokauka kando ya shamba la mihogo lililo bado kijani ni mpaka wa joto, na mkondo hupenda kuachia kwenye mipaka ya namna hiyo. Vilima vya mawe vilivyotapakaa kote hadi Kwimba hufanya kazi ya kibiriti: si virefu, lakini mawe huhifadhi joto na huendelea kulitoa hata jua linapoanza kulegea. Mwewe wakizunguka bila kupiga mabawa, wameshakutafutia. Kisulisuli cha vumbi nacho ni alama ya mkondo, ila cha kutumiwa na aliye juu. Anayetua akikiona asogee mbali, kwa kuwa upepo ndani yake hubadili upande ndani ya sekunde moja.

Tatizo ni upepo unakokupeleka. Katika kiangazi cha Juni hadi Septemba upepo mkuu wa eneo hili hutoka kusini-mashariki. Anayeondokea Shinyanga akaupa mgongo anaelekea Mwanza moja kwa moja: kilomita 140 hivi kwa mstari ulionyooka, huku barabara ya lami ya Maganzo, Hungumalwa, Mabuki na Misungwi ikimsindikiza karibu njia nzima. Ukiitazama kwenye ramani, unaweza kudhani imechorwa kwa kazi hii. Lakini mwisho wake ni maji, na maji hayakai kimya.

Kuanzia kabla ya adhuhuri nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, na hewa baridi ya ziwani huanza kuingia bara kutoka kaskazini na kaskazini-magharibi, ikiwa tabaka la mita mia chache tu. Ndani ya tabaka hilo mikondo hufa, vario, kifaa kinacholia bawa linapopanda, hunyamaza, na aliyekuwa na upepo mgongoni ghafla anaupata usoni. Mpaka wa hewa hizo mbili husogea makumi ya kilomita ndani kadiri alasiri inavyoendelea. Ishara zake zinaonekana kwa anayetazama: moshi wa matanuri ya tofali upande wa Usagara unalala kuelekea kusini wakati moshi wa Mabuki bado unalala kuelekea ziwani, mawingu ya upande wa ziwa yana sakafu ya chini zaidi. Kimo cha sakafu hiyo unaweza kukikadiria mwenyewe. Toa nyuzi za kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa kulifikia unyevu wake huanza kuganda kuwa matone, kwenye nyuzi za joto la ardhini, kisha zidisha mara 125. Joto la 30 na umande wa 16 hukupa mita 1,750 juu ya ardhi. Hewa ya ziwa yenye joto la 26 na umande wa 19 hukupa 875 tu, nusu ya kile ulichokuwa ukitumia kilomita kumi nyuma.

Kwa hiyo njia hii inaruhusiwa na saa, si na umbali peke yake. Kutoka Shinyanga hadi Misungwi ni kama kilomita 100. Kwa wastani wa kilomita 25 hadi 30 kwa saa ni safari ya saa tatu na nusu hadi nne. Aliyeondoka saa 5 asubuhi atafika huko karibu na saa 9 alasiri, wakati hewa ya ziwa nayo inaingia. Mwenye busara hapambani nayo. Anatua Mabuki, au anageuka na kuambaa na mpaka wenyewe, kwa sababu mahali hewa mbili zinapogongana kuna mstari wa hewa inayopanda ambao unaweza kukubeba bila kuzunguka. Uzuri wa mstari huo una kikomo. Ukiufuata mashariki kupita Magu, mbele ya Lamadi unaanza ukanda wa magharibi wa Serengeti, na si mahali pa kutua ukakunja bawa taratibu. Ukienda kaskazini zaidi unaingia anga la uwanja wa ndege wa Mwanza, na huko bila ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ni kuhatarisha abiria wa watu.

Wapo wanaopendekeza njia ya tatu: kuondokea vilima vya mjini vinavyotazama ziwa na kupeperuka mbele ya vilima hivyo kwa upepo wa ziwani. Kwa mazoezi ya nusu saa inawezekana, lakini hiyo si safari ya masafa. Nyumba zimebanana, nyaya za umeme ziko kila mtaa, na ukikosa kimo chaguo linalobaki ni maji. Kutua majini na mkanda wa kukalia wenye sponji mgongoni humgeuza rubani uso chini, kwa sababu sponji huelea juu yake. Asiye na jaketi la kuokolea na kisu cha kukatia kamba karibu na mkono asiruke huko.

Rudi kwenye tambarare: bila mlima unaondokaje? Kwa winchi, mashine inayomvuta rubani kwa kamba ndefu mpaka apande, na hapa ndipo upande wa Iten unapotoa hoja yake nzito zaidi. Kamba ya kilomita 1 hukufikisha mita 300 hadi 400 hivi, siku nzuri. Uvutaji hauzidi uzito wa rubani mwenyewe, na mita 30 za mwanzo huvutwa taratibu zaidi, kwa sababu kamba ikikatika bawa likiwa limeinamia nyuma, litachupa mbele bila nafasi ya kulidaka. Kati ya kamba na rubani lazima kiwepo kiungo dhaifu kinachokatika kwa mvuto uliopangwa, na kifyatulio cha kuachia kamba kinachojaribiwa kwa mkono kikiwa kimevutwa, kila mara. Ajali mbaya zaidi ya winchi ni bawa kuelekea pembeni mwa kamba huku mvutaji akiendelea kuvuta: kadiri linavyovutwa ndivyo linavyozidi kupinda, na breki haziwezi kulirudisha. Dawa yake ni mvutaji kupunguza mvuto papo hapo, na rubani kufyatua kabla kamba haijavuka nyuzi 45 kutoka mbele yake. Mvutaji asiyejua hilo ni hatari kuliko mwamba wowote wa Elgeyo.

Mvua ndiyo huamua msimu. Kwenye nchi kavu kuzunguka ziwa, dhoruba hukua mchana na kulipuka alasiri. Juu ya maji huvuma zaidi usiku na alfajiri, jambo ambalo wavuvi wa dagaa hawahitaji kufundishwa. Kuanzia Oktoba mstari ule ule wa hewa mbili hugeuka kiwanda cha radi. Februari 2007, karibu na Manilla nchini Australia, Ewa Wiśnierska alinyonywa na wingu la dhoruba hadi karibu mita 10,000 akapona. He Zhongpin, aliyenyonywa siku hiyo hiyo, hakupona. Kukunja masikio ya bawa, yaani ncha zake mbili, hukushusha mita 3 au 4 kwa sekunde, na mzunguko mkali wa kushuka mara mbili ya hapo au zaidi, lakini wingu linaweza kuvuta kwa kasi inayopita vyote viwili. Ukiona wingu refu kuliko upana wake kabla ya saa 7 mchana, teremka ukatue. Agosti na Septemba ndiyo miezi tunayoipa alama za juu.

Kwa kikundi cha watu wanne au watano chenye winchi, mvutaji aliyefundishwa, redio na gari la kufuata barabara ya Shinyanga, tambarare inatoa nafasi nyingi zaidi za kukosea bila kuumia, na tunaona hapo ndipo pa kujifunzia masafa. Tatizo likitokea kwenye kilomita ya 60, bodaboda wa Hungumalwa atakufikia kabla hujamaliza kukunja bawa. Rubani aliye peke yake hana kitu hata kimoja kati ya hivyo, na kumvuta mtu kwa gari la kuazima na kamba ya dukani hakukubaliki hata kidogo. Kwake yeye nauli ya kwenda Iten bado ni rahisi kuliko winchi, mradi aruke asubuhi pamoja na wenyeji na awe ametua mchana kabla bonde halijachachamaa.