Karafuu Zisizo na Mkarafuu

Ukianza kucheza Civilization VI, gemu ya kompyuta ya kujenga na kuongoza taifa, mwaka ni 4000 KK, na kama umebahatika Zanzibar ipo tayari kwenye ramani. Ni mji-dola mdogo usiowania ushindi. Mchezaji akiupelekea wajumbe 3 au zaidi, na kuwapita wenzake wote, mji unaingia chini ya ulezi wake, naye anavuna bidhaa 2 za anasa zisizopatikana kwingine kokote katika gemu hiyo: mdalasini na karafuu. Kila moja huburudisha miji 6, ilhali anasa za kawaida huishia 4.

Mtu wa pwani hana budi kucheka. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, na ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mdalasini ulioipa dunia sifa ni wa Sri Lanka. Ajabu zaidi, Indonesia yenye Maluku ndani yake ni taifa linalochezwa katika gemu hiyohiyo, na ikitaka karafuu inabidi itume wajumbe Zanzibar! Katika toleo la kabla yake, Civilization V, Indonesia ndiyo iliyokuwa na karafuu, pamoja na kungumanga na pilipili manga. Toleo likabadilika, karafuu ikavuka bahari.

Makosa ya namna hii ndiyo yanayowapa watetezi wa gemu hizi jibu jepesi. Husema wanaolalamikia historia ni watu wa kusahihisha tarehe, wasiojua kustarehe. Na utetezi wao, ukiusikiliza vizuri, si wa kupuuzwa. Gemu ya mkakati ya zamu kwa zamu huishi kwa swali la "ingekuwaje". Anayeiongoza Songhai, dola ya zamani ya Afrika Magharibi, akijua kwamba mwaka 1591 jeshi la Morocco litafika Tondibi na bunduki, na kwamba kushindwa hakuepukiki, hana cha kuamua; zamu zake zote ni za kungojea. Tena wana hoja kwamba hali imekuwa nzuri. Gemu ya kwanza ya mfululizo huu, ya 1991, kusini mwa Sahara iliwajua Wazulu tu. Leo Kongo ya Mvemba a Nzinga imechezwa, Nubia ya Amanitore imechezwa, na Civilization VII ya 2025 imekuja na Buganda. Kijana wa Helsinki aliyejifunza jina la Zanzibar kwa kutafuta karafuu amejifunza kitu.

Hata hivyo nadhani walalamikaji wanajibiwa swali ambalo hawakuuliza. Wenye hoja nzito miongoni mwao hawashughulishwi sana na tarehe. Wanauliza kanuni za mchezo zinachukulia kwamba watu wote duniani wanataka nini.

Mfano mzuri ulitoka Kanada mwaka 2018, Civilization VI ilipomwongeza Poundmaker, kiongozi wa karne ya 19 wa Wakrii, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Kanada. Watengenezaji walijitahidi: anaongea Kikrii, na sifa yake ya kutafuta amani imeheshimiwa. Bado kiongozi mmoja wa jamii inayobeba jina la Poundmaker alipinga hadharani. Hakulalamikia vazi wala matamshi. Alichosema, kwa ufupi, ni kwamba gemu inaendeleza dhana kuwa watu wake walikuwa na malengo yaleyale ya wakoloni: kutwaa ardhi, kuwashinda wengine. Unaweza kumvika Poundmaker kwa usahihi wote na bado ukampa roho ya mtu mwingine, kwa sababu kanuni inamtaka apanuke au apitwe.

Sasa turudi kwenye karafuu, maana hapo ndipo jambo hili linaponikera zaidi.

Katika gemu, karafuu za Zanzibar hazina shamba. Bidhaa nyingine za anasa hukaa kwenye kigae, yaani kipande kimoja cha ramani. Mtu huenda kuzilimia, adui huweza kuziharibu. Hizi huingia kwenye orodha yako ukishapata ulezi, basi. Kwenye historia mambo yalikuwa kinyume kabisa. Inasimuliwa kwamba Sultani Sayyid Said aliamuru kila penye mnazi mmoja ipandwe mikarafuu mitatu, amri ambayo yenyewe ni kama kanuni ya gemu. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Ukizaa, matumba ya maua huchumwa kwa mkono kabla hayajafunguka, yakachambuliwa na kuanikwa juani. Kazi hiyo ilitaka watu wengi kwa wakati mmoja, na watu hao waliletwa kwa nguvu, wengi wao wakitokea upande wa Ziwa Nyasa kupitia Kilwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar hadi 1897. Ukiiondoa mikono hiyo, karafuu inabaki zawadi ya urafiki. Kuiweka Zanzibar mwaka 4000 KK ni kosa linalosahihishwa kwa sentensi moja. Anasa isiyo na mfanyakazi haisahihishiki hivyo, kwa kuwa mchezaji hana hata pa kuligundua kosa.

Watauliza: je, mnataka kitufe cha utumwa? Swali ni la haki, na jibu lake si rahisi. Civilization IV ya 2005 ilikuwa nacho. Mtawala aliyechagua utumwa aliweza kutoa sehemu ya wakazi wa mji ili jengo likamilike haraka. Wachezaji wakagundua kwamba ni mbinu yenye faida kubwa, wakaipa jina la mjeledi, wakajadiliana ni lini hasa inafaa kuwachapa watu ili chakula cha mji kisipotee bure. Utumwa ukawa hesabu. Matoleo yaliyofuata yakaiacha kanuni hiyo, nami siwalaumu watengenezaji. Lakini kati ya mjeledi wenye faida na karafuu inayodondoka kutoka mbinguni ipo nafasi pana. Kigae cha shamba kinachohitaji watu, na watu hao kuwa na mahali walipotoka, na mji wao kupungua, kingetosha. Gemu hizi zinajua kuhesabu wakazi kuliko chochote kingine.

Nyenzo zenyewe wanazo. Nyongeza ya Civilization VI ya mwaka 2019 ilileta mafuriko, volkano na vimbunga vinavyofagia mashamba ya pwani. Kimbunga cha aina hiyo kiliipiga Unguja mwaka 1872, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa nyumba ya karafuu. Nimewahi kukiona kikipita juu ya Zanzibar katika mchezo wangu. Mashamba ya jirani yaliharibika. Karafuu zangu zilibaki zote, kwa kuwa hapakuwa na mti wa kung'olewa.