Namba ya kadi mnaitaka, swali hamlitaki

Alhamisi, Julai 2, 2015, dirisha limefungwa. Makada 42 walichukua fomu za kuomba CCM iwateue kugombea urais, 38 wamerudisha. Fomu moja shilingi milioni moja, kwa hiyo chama angalau kimepata hela ya mafuta. Makamu wa Rais yumo, Waziri Mkuu yumo, mawaziri wakuu wastaafu wawili wamo, Jaji Mkuu mstaafu yumo, mawaziri nimeshindwa kuwahesabu, na wamo wengine ambao nadhani hata majirani zao waliwaona kwenye taarifa ya habari wakashtuka.

Mimi ni mwanachama. Kadi ninayo, ada nimelipa. Na sijawahi kuchoshwa na wagombea kama mwezi huu uliopita, na kampeni zenyewe hazijaanza.

Kilichonitia hasira ni kitu kidogo sana. Katikati ya Juni nilikuwa mwaloni Kirumba hapa Mwanza, pale samaki wa Ziwa Victoria wanaposhushwa, nasubiri dagaa wangu wapakiwe, akaja kijana mwenye daftari, shati la kijani jipya bado lina mikunjo ya dukani. Anatafuta wadhamini, yaani wanachama wa kumsainia mgombea fomu. Mgombea wake simtaji, maana wa wengine nao wamepita hivyo hivyo. Akasimama kwa mama mmoja anayekaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa. Mama akatoa kadi, lakini akaishika kwanza.

"Mwanangu, huyo mtu wako anasemaje kuhusu haya makokoro, hizi nyavu haramu?"

Kijana akacheka. "Mama, hayo atayaongea kwenye kampeni. Saa hizi tunachukua namba za kadi tu."

Mama akamtajia namba. Nilipofikiwa mimi nikasema kadi nimeiacha nyumbani. Ilikuwa mfuko wa shati.

Atayaongea kwenye kampeni! Jamani, kwenye kampeni atakuwa amebaki mmoja. Siku chache zijazo Dodoma Kamati Kuu inachuja wanabaki watano, Halmashauri Kuu inachuja wanabaki watatu, Mkutano Mkuu unampata mmoja. Wajumbe wasiofika elfu mbili na nusu, basi, biashara imeisha. Huyo mmoja ndiye atakayekuja hapa viwanja vya Furahisha na muziki, fulana na kofia, na ukimuuliza makokoro atakujibu "nimelisikia, nitalishughulikia". Utamlinganisha na nani wakati huo? Mwezi pekee katika miaka kumi ambao Waziri Mkuu Pinda anaweza kupimwa mbele ya Membe, Membe mbele ya Lowassa, na Lowassa mbele ya January Makamba, ni huu uliopita. Tumeutumia kuandika namba kwenye madaftari.

Na namba zenyewe! Utaratibu unataka wadhamini 450, yaani 30 kwa kila mkoa, mikoa 15, mitatu kati yake iwe ya Zanzibar. Kambi ya Lowassa inatamba kwamba imepata zaidi ya laki nane. Laki nane za nini? Kama ni kuonyesha ubavu, tumeuona. Ila kwa niliowaona mimi hapa mjini, hakuna aliyeulizwa hata "mzee, huku kwenu hali ikoje?" Kadi, namba, sahihi, anayefuata.

Najua nitajibiwa kwamba chama kimekataza kampeni za mapema, na kwamba Februari 2014 makada sita walipewa onyo kali kwa kosa hilo. Sawa, kanuni ni kanuni. Lakini Mei 30 Lowassa alipojaza uwanja wa Sheikh Amri Abeid kule Arusha, ile ilikuwa nini, arusi? Wasira alitangazia nia yake hapa hapa Mwanza na akaongea vizuri tu. Hotuba ndefu zimerushwa laivu nchi nzima, hazikuitwa kampeni, ziliitwa kutangaza nia. Kwa hiyo mdomo wa kusema walikuwa nao. Wakasema nini? Ajira kwa vijana. Elimu bora. Kilimo cha kisasa. Rushwa ni adui wa haki. Ukizibadilishia zile hotuba majina, hata wenyewe wangezisoma hadi mwisho bila kugundua.

Nirudi kwa swali la yule mama, maana mtu wa Dodoma anaweza kulisikia akadhani ni la mapanki.

Kokoro linazoa kila kilichoko chini: sangara wa kiganja, sato, mayai, tope. Sheria inalikataza, na kwa kanuni za sasa, 2015, sangara halali wa kuvuliwa ni wa kati ya sentimita 50 na 85. Chini ya hapo ni mtoto, juu ya hapo ni mzazi, anatakiwa aachwe azae. Kila mtu mwaloni anajua hivyo, na kila mtu mwaloni anajua pia hao watoto wanauzwa wapi na saa ngapi. Kisha siku moja inakuja doria. Nyavu zinarundikwa ufukweni, zinamwagiwa mafuta, kiongozi anashika kiberiti, mpiga picha anamwambia asogee kidogo kushoto. Kesho yake iko gazetini: zana haramu zateketezwa.

Picha haionyeshi kinachofuata. Mvuvi anarudi nyumbani na deni. Mtumbwi si wake, injini si yake, nyavu alikopeshwa na tajiri kwa sharti kwamba samaki wote wampelekee yeye, kwa bei atakayoipanga yeye. Deni halikuungua. Akitaka kulilipa lazima arudi majini, na hela aliyobaki nayo haimtoshi nyavu halali, inamtosha timba, wavu haramu wa bei rahisi. Anarudi na timba. Doria nayo inarudi na kiberiti. Tumezungushwa hivyo miaka nenda rudi, na mimi sijawahi kusikia kiberiti kimewashwa kwenye ghala la aliyeziingiza. Nyavu haziogelei zenyewe kutoka kiwandani hadi Ukerewe. Zimepita mpakani au bandarini, zimepakiwa kwenye lori, zimepangwa kwenye rafu ya duka mjini, zimeuzwa mchana kweupe. Moto unaanzia kwa mtu wa mwisho na unaishia kwake.

Hapo sijagusa majambazi wanaowavamia wavuvi usiku na kuwanyang'anya injini. Sijagusa viwanda vya minofu ambavyo vibarua wake wanaambiwa "leo hakuna mzigo, kalale". Sijagusa bondo, kile kibofu cha hewa cha sangara, ambalo siku hizi linapimwa kwenye mzani kama dhahabu wakati aliyemvua huyo sangara hajui linaishia wapi. Nusu hivi ya ziwa hili ni ya Tanzania. Kenya ina asilimia 6 tu. Ungetegemea mtu anayetaka kuwa rais wa nchi yenye nusu ya ziwa awe na sentensi mbili za kusema juu yake.

Na wengine hawana pa kujificha. Dk. Titus Kamani ni mbunge wa Busega, mtoto wa ziwani, na ndiye Waziri wa Maendeleo ya Mifugo na Uvuvi tangu Januari 2014. Waziri wa Uvuvi mwenyewe ni mgombea! Huyu hahitaji kuahidi atafanya nini akiwa rais, atuambie tu Jumatatu anafanya nini ofisini. Dk. Magufuli naye alikalia wizara hiyo hiyo mwaka 2008 hadi 2010. Jina lake lilivuma 2009 ilipokamatwa ile meli ya kigeni Bahari ya Hindi, na mpaka leo watu wanasema "samaki wa Magufuli". Haya, nampa hilo, japo shingo upande: meli ilikamatwa na samaki tuliwaona. Ila wale walikuwa wa bahari. Chato iko ukingoni mwa ziwa hili hili, sangara wa Chato wamemkosea nini? Safari hii amechukua fomu kimya kimya, hakuita mkutano, na kuna watu wanamsifu kwa ukimya huo. Mimi ukimya sijui naupimaje.

Mengine nayataja tu, maana nikianza sitamaliza. Meli: Rais Kikwete alituahidi meli mpya mwaka 2010, anaondoka na haijaja, MV Victoria nayo imesimama tangu mwaka jana, na Mei 21 imetimia miaka 19 tangu MV Bukoba izame. Kivuko cha Kigongo na Busisi: Ngeleja, mbunge wa Sengerema, hawezi kusema hajui foleni ile, jimbo lake liko ng'ambo. Pamba: muulizeni mkulima yeyote wa Kwimba, lakini mkae mbali kidogo. Machinga wa Makoroboi wanafukuzwa asubuhi, wanarudi mchana, na hilo limekuwa ratiba.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba chama hiki hiki kinajua kutuuliza kikitaka. Kwenye ubunge, hadi mwaka huu wa 2015, tunapiga kura za maoni wanachama wote, tawi kwa tawi, na mtu anayetaka jimbo anakuja hadi mlangoni, anakaa kwenye kigoda, anakunywa chai isiyo na sukari na kusema ni tamu. Kwa nini? Kwa sababu kura iko mkononi mwangu. Kwenye urais kura iko mkononi mwa mjumbe, kwa hiyo chai inanywewa kwa mjumbe, na siyo chai peke yake. Wamarekani nao wana vituko vyao, lakini mtu anayetaka tiketi ya chama chake kule kwa kawaida anaanzia Iowa, jimbo la kwanza kupiga kura za mchujo, anabanwa na wakulima wa mahindi juu ya ethanoli, yale mafuta ya mahindi, hadi anajua bei ya gunia. Huku anabanwa na nani?

Msiniambie kwamba Mkutano Mkuu unatosha kwa sababu wajumbe ni watu wazima. Ni watu wazima, ndiyo. Mwaka 1995 pale Chimwaga, Dodoma, walimpa Mkapa kura 686 na Kikwete 639. Kura 47. Watu wanaoenea kwenye mtumbwi mmoja mkubwa ndio walioamua nani atutawale miaka kumi. Labda waliamua vizuri, sibishani na hilo. Nabishana na sisi wengine kuitwa wadhamini. Unamdhamini mtu ambaye hukumuuliza kitu?

Wenzangu wa upinzani msicheke sana. Mwaka 2010 majimbo ya Nyamagana na Ilemela hapa Mwanza yote tuliwapa Chadema, chama changu kikanuna mwaka mzima, na mialo iko pale pale. Ukawa, huo muungano wa vyama vya upinzani, mpaka naandika hapa hawajataja jina. Wakilitaja nitawauliza hilo hilo la makokoro, tena wao hawana hata kisingizio cha Kamati Kuu.

Basi, kama kuna mjumbe wa Mkutano Mkuu kutoka mkoa huu anasoma hapa na hajapanda basi, anitafute. Nimeandika maswali ya pale mwaloni kwenye karatasi moja, mbele na nyuma. La kwanza ni la ghala la nyavu, la pili ni la meli. Amkabidhi yeyote kati ya hao watano, na akikataliwa amsogelee anayefuata. Atuletee majibu kwa maandishi, maana ya mdomo tunayo mengi.